Vitone Vyekundu Kwenye Sahani

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumwaga kijiko cha unga kwenye sahani nyeupe, kuusawazisha kwa kibao chembamba mpaka ulale kama karatasi, kisha kuudondoshea tindikali hafifu iliyochanganywa na thaiosianeti ya potasiamu, na baada yake matone machache ya peroksaidi ya haidrojeni. Unasubiri dakika moja au mbili. Kama madini ya chuma yamo, vitone vyekundu huanza kujitokeza kimoja kimoja juu ya ule weupe. Vikitawanyika sawasawa, kama madoadoa ya kanga, nilitia saini na mashine ya kufungashia ikawashwa. Vikijikusanya upande mmoja, au visipoonekana kabisa, nilishuka ngazi kwenda kumpa msimamizi habari asiyopenda kuisikia.

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo: kikaango kimoja kikubwa cha kuzunguka, mashine ya kusaga, pipa la kuchanganyia, mizani mbili na chumba changu cha vipimo ambacho awali kilijengwa kiwe stoo. Tulitengeneza unga wa uji kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Ndani yake kulikuwa na nafaka, soya iliyokaangwa, karanga kwa baadhi ya misimu, sukari kidogo, maziwa ya unga pale fedha ziliporuhusu, na ule mchanganyiko wa vitamini na madini ambao wenyewe tuliuita kwa mkato tu, virutubishi, uliokuja umefungwa katika maboksi yasiyopitisha mwanga. Wageni waliokuja kututembelea, na walikuwa wengi, walipenda kupigwa picha mbele ya kikaango, wakiwa wamevaa makoti meupe tuliyowaazima. Sikumbuki hata mmoja aliyeomba kupigwa picha na sahani.

Naanza na sahani kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kutengeneza vyakula vya watoto vilivyoongezewa virutubishi karibu na wanakoishi watoto wenyewe huanzia kwenye mapishi: tuchanganye nini na nini, kwa uwiano gani, kwa mazao ya nani. Mapishi hayana siri. Mtu aliyesoma lishe kidogo na mwenye jedwali la viinilishe anaweza kuyaandika kwa mchana mmoja. Shida ni kuyarudia. Pakiti ya elfu kumi iwe sawa na pakiti ya kwanza, mwezi wa mavuno uwe sawa na mwezi ambao ghala limebaki na vumbi, na zamu ya usiku iwe sawa na zamu ambayo bosi yupo. Kiungo ambacho sikuwahi kukiona kikiorodheshwa kwenye pakiti yoyote, na ambacho ndicho adimu kuliko vyote, ni huo uthabiti.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Makadirio ya pamoja ya UNICEF, Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia yanaonyesha kwamba mwaka 2024 watoto milioni 150.2 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa na milioni 42.8 walikuwa na ukondefu. Wapo waliomo katika hesabu zote mbili. Ukondefu unaonekana kwa macho na humfanya mzazi akimbilie kwenye zahanati. Udumavu hauna haraka hiyo. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, anakula anachopewa, na watu husema tu kwamba ana umbo dogo kama la babu yake.

Kinachonishangaza hadi leo ni jinsi hesabu ya mtoto wa miezi minane ilivyo ngumu. Kwa mapendekezo yanayotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za madini ya chuma kwa siku. Mwanamume mzima anahitaji 8. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo, na akiba aliyozaliwa nayo mtoto huanza kumwishia anapokaribia miezi sita. Wakati huohuo tumbo lake linabeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo nane anapokea kama gramu 240 kwa mlo mmoja na si zaidi. Mpikie uji mwepesi, sehemu moja ya unga kwa tisa za maji, na kila gramu ya uji huo itakuwa na nishati ya karibu kilokalori 0.4; akimaliza bakuli lote, na mara chache hulimaliza, atakuwa amepata chini ya kilokalori 100. Ukiongeza unga maradufu unapata karibu 200, lakini uji huo unakuwa mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama chenyewe, na mtoto asiye na meno ya kutosha anautema.

Hapo ndipo kimea kinapokuja. Nafaka iliyoloweshwa, ikaoteshwa, ikakaushwa na kusagwa huwa na kimeng'enya kinachokata wanga vipande vipande, na kijiko kimoja cha kimea hicho kikikorogwa ndani ya uji mzito uliopoa kidogo huulegeza mbele ya macho yako bila tone la maji kuongezwa. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa nilidhani nimefanyiwa mazingaombwe. Kinachofaa kuongezwa ni kwamba kuotesha kunahitaji maji safi na ukaushaji wa haraka, la sivyo ukungu hutangulia kimea, na kwamba uji ukishalegezwa lazima uchemshwe tena kabla ya kumpa mtoto. Tulikijaribu kwa miezi mitano, tukakiacha, kwa sababu hatukuwa na pa kukaushia wakati wa mvua. Nilikubali uamuzi huo shingo upande na bado naona ulikuwa sahihi.

Huwa naulizwa kwa nini isitoshe kuongeza virutubishi kwenye unga wa kila mtu, kama ilivyofanyika kwa chumvi. Chumvi yenye madini joto ilianza Uswisi mwaka 1922 na katika jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1924, na uvimbe wa tezi shingoni, uliokuwa kitu cha kawaida kwa vizazi, ukapungua kwa kiasi ambacho sera chache za afya zimewahi kujivunia. Chumvi ilifaa kwa sababu karibu kila mtu huitumia, kila siku, na kiasi kinachohitajika cha madini joto ni kidogo mno. Unga wa familia nao unafaa kurutubishwa, hasa kwa ajili ya wanawake kabla na wakati wa ujauzito. Lakini kipimo chake kimekokotolewa kwa mtu anayekula mamia ya gramu kwa siku. Mtoto wa miezi minane anakula vijiko kadhaa vya unga huo, na kinachomfikia ni chembe tu ya mahitaji yake. Ukitaka kumfikia yeye lazima umtengenezee chakula chake.

Wazo la kumtengenezea chakula hicho karibu na nyumbani si geni. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza kitabibu ugonjwa wa watoto waliokuwa wakivimba na kubabuka ngozi baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi peke yake; miaka miwili baadaye aliutangaza kwa jina ambalo watu wa huko wanaosema lugha ya Ga walikuwa nalo tayari, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake mdogo wake anapozaliwa. Maana yake, wazazi walikuwa wameshautambua ugonjwa na chanzo chake kabla hospitali haijaupa ukurasa. Baada ya hapo ilikuja Incaparina ya Guatemala. Taasisi ya lishe ya INCAP, iliyoanzishwa mwaka 1949 na kuongozwa mwanzoni na Nevin Scrimshaw, ilitengeneza katika miaka ya 1950 unga wa mahindi uliochanganywa na unga wa mbegu za pamba, hamira na vitamini A. Ricardo Bressani alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioufanyia kazi. Walitumia mbegu za pamba kwa sababu zilikuwepo tele, zikibaki baada ya kukamuliwa mafuta, na kwa sababu maziwa yalikuwa ghali. Uliuzwa kama bidhaa ya kawaida na ungali unauzwa.

Hata hivyo mbegu za pamba zina gosipoli, ambayo ni sumu, na ilibidi itafutiwe njia. Naliita hili kanuni ya kwanza ya kazi yetu, ingawa hakuna aliyenifundisha: kila zao la bei nafuu linakuja na kasoro yake mfukoni. Nafaka zisizokobolewa zina fitati, zinazoshika chuma na zinki zisifyonzwe mwilini. Soya ikiwa mbichi ina vizuizi vya tripsini, vinavyozuia utumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo usipoipasha moto wa kutosha unamlisha mtoto protini asiyoweza kuitumia. Karanga hushikwa na sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu.

Juu ya karanga nitakaa kidogo, maana ndizo zilizobadilisha historia hii kwa upande wa tiba. Mwaka 1996 André Briend, daktari wa watoto, na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset ya Ufaransa walitengeneza siagi ya karanga yenye maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, ikafungwa katika pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500. Kwa kuwa karibu haina maji, bakteria hawazaliani ndani yake; haihitaji kupikwa wala kuchanganywa na maji ambayo usafi wake hujui. Malawi ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuonyesha kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali asiye na matatizo mengine anaweza kupona akiwa nyumbani kwa siagi hiyo: daktari Mark Manary alianza majaribio huko mwaka 2001, na kutokana nayo likazaliwa shirika la Project Peanut Butter, lililoanza kuitengeneza hukohuko. Niger nayo ikawa na kiwanda cha siagi hiyo, cha kampuni ya STA. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yakatoa tamko la pamoja kuunga mkono tiba ya nyumbani.

Siagi hiyo ni dawa kwa mtoto aliyekwisha kuanguka, na makala hii ni juu ya kumzuia asianguke. Lakini ilituachia ndugu yake mdogo, kijipakiti cha gramu 20 cha kuchanganywa na chakula cha kawaida mara moja kwa siku. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya majaribio 14 yenye watoto zaidi ya 37,000, ulikuta kwamba watoto waliopewa kijipakiti hicho walipungukiwa na udumavu kwa asilimia 12 na ukondefu kwa asilimia 14 wakilinganishwa na wasiopewa. Wapo wanaoziona asilimia hizo kuwa ndogo. Mimi nikikumbuka kwamba ni gramu 20 tu, na kwamba hakuna kilichobadilishwa katika nyumba ya mtoto huyo, si maji, si choo, si kipato, naziona kubwa.

Nirudi kwenye karanga. Sumukuvu ilijulikana na wanasayansi baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula kilichokuwa na karanga zenye ukungu. Tamko la 2007 liliweka ukomo wa sehemu 5 katika bilioni kwa siagi ya tiba. Sumu hiyo haiondoki kwa moto wa kawaida wa kupikia na haigawanyiki sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zilizooza zinaweza kuharibu shehena nzima, na punje jirani zikawa salama kabisa. Kwa hiyo kabla ya kemia kuna macho. Tulikuwa na akina mama kumi na wawili waliokaa mbele ya meza ndefu yenye taa, wakichambua punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika. Mkono wa mzoefu hautulii juu ya punje. Unapita kama unaosoma. Ndoo ya zilizokataliwa ilijaa kila baada ya saa moja hivi.

Siku moja mkubwa wao kwa umri aliniuliza, bila kuinua macho, "Mwanangu, hizi tunazozitupa zinakwenda wapi?" Nilimjibu nilivyoambiwa, kwamba kuna mtu anazinunua kwa ajili ya mifugo. Akaguna tu. Mguno ule ulinifuata hadi nyumbani, na wiki iliyofuata nilifuatilia. Mnunuzi alikuwa akizipepeta upya, zile zenye nafuu akizisaga na kuziuza kwa bei ya chini kwa watu ambao, bila shaka, walikuwa na watoto wa umri uleule tuliokuwa tukiutengenezea unga. Tukawa tumejenga chujio linalowapa baadhi ya watoto punje safi na kuwakusanyia wengine sumu. Kuanzia mwezi ule zilichomwa moto. Mhasibu alilalamika, na kwa hesabu zake alikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa ndoo zile zilikuwa zikilipa umeme.

Sasa virutubishi vyenyewe. Kipimo tulichotumia kilikuwa kilo mbili kwa tani, yaani gramu mbili katika kilo moja ya unga. Jaribu kutawanya kijiko kidogo cha mchanga wa njano ndani ya ndoo ya mchanga mweupe, halafu ahidi kwamba kila kiganja kitakachochotwa kitakuwa na njano kwa kiasi kilekile. Njia ni kutangulia: kilo mbili zinachanganywa kwanza na kilo kumi za unga, kisha na hamsini, ndipo zinaingia kwenye pipa kubwa kwa dakika kumi na tano zinazohesabiwa kwa saa ya ukutani. Vinaingia baada ya kukaanga, si kabla, maana vitamini C haivumilii moto na vitamini A hulika kwa joto, hewa na mwanga. Kijana aliyetaka kuwahi nyumbani akavimwaga moja kwa moja kwenye pipa, sahani itamsema asubuhi: vitone vimesongamana mahali pamoja kama wadudu kwenye tone la asali. Bechi ya namna hiyo ina virutubishi vyote vilivyokusudiwa, kwa wastani. Mtoto hali wastani. Anakula pakiti aliyonunuliwa.

Hata aina ya chuma ni uamuzi. Salfeti ya feri ni rahisi na hufyonzwa vizuri, lakini huubadilisha unga rangi na kuyafanya mafuta yachache upesi, na unga wenye soya na karanga una mafuta mengi ya kuchacha. Fumareti ya feri ni mpole zaidi. Ipo aina nyingine, iliyofungamanishwa na kemikali iitwayo EDTA, inayostahimili fitati vizuri kwenye unga usiokobolewa, ila ni ghali. Tuliwahi kubadilisha aina kwa sababu muuzaji alikuwa na punguzo, na ndani ya wiki sita pakiti zilizokaa dukani zilitoa harufu ya rangi ya mafuta. Punguzo lile lilitugharimu kuliko bei kamili.

Watu wanaopenda neno "kienyeji" hawafurahi nikiwaambia kwamba boksi la virutubishi lilitoka nje ya nchi, maziwa ya unga pia, na filamu ya plastiki yenye tabaka la alumini pia. Kilichokuwa chetu ni nafaka, soya, karanga, moto, mikono na saini. Sioni aibu. Viwanda vinavyotengeneza vitamini duniani ni vichache, na kutaka kila nchi iwe na chake ni sawa na kutaka kila kijiji kifue chuma chake cha jembe. Ninachoona kuwa kosa ni kwamba mahali pengi mzalishaji mdogo hutozwa ushuru kwa kiungo kimoja kimoja anachoagiza, wakati chakula kilekile kikiingia kimeshafungwa, kwa jina la msaada, hupita bila kutozwa. Halafu unasikia mtu akisema mezani kwamba bidhaa ya hapa ni ghali.

Lakini ushuru haukuwa ugonjwa wetu mkubwa. Ugonjwa wetu mkubwa ulikuwa mnunuzi. Shirika moja lilituagizia kwa mkupuo mmoja mzigo wa kutosha kuwasha mashine usiku na mchana kwa wiki saba. Tukaajiri, tukakopa, tukanunua virutubishi vya miezi mingi kwa sababu muuzaji hakubali oda ndogo. Mzigo ukaondoka, makofi yakapigwa, na kwa miezi saba baadaye simu haikulia. Wachambuaji tuliowafundisha wakatawanyika. Virutubishi vilikaa stoo vikihesabu siku kuelekea tarehe ya mwisho, na vitamini haisubiri oda. Oda nyingine ilipokuja tulianza na watu wapya na boksi lililobakiza wiki chache. Ukiniuliza nini kingeimarisha uzalishaji wa karibu kuliko mashine mpya, nitakwambia ni mtu wa kununua tani mbili kila mwezi kwa miaka mitatu, hata kama kiwango hicho hakitoshi kufanyiwa sherehe. Fedha za kujenga jengo hupatikana, kwa kuwa jengo lina mahali pa kubandika kibao. Za kununua unga mwezi wa ishirini na tatu hazipatikani.

Upande wa vipimo nao una kichekesho chake. Sahani yangu inaonyesha kwamba chuma kimo na kimetawanyika. Haisemi ni kiasi gani, na haijui lolote kuhusu vitamini A au salmonela. Kwa hayo tulituma sampuli maabara ya mbali, na majibu yalirudi wakati ambapo unga wenyewe ungekuwa umeshaliwa na kusahauliwa, kama tusingeushikilia. Kuushikilia ni fedha zilizolala. Kila meneja ninayemfahamu amewahi kujaribiwa kuuachia kabla ya majibu, na si wote walioshinda jaribu hilo.

Zaidi ya kiwanda kuna jiko, ambako mamlaka yetu yanaishia mlangoni. Tuliukokotoa unga kwa gramu 60 kwa siku. Nilipopata nafasi ya kukaa na mama mmoja akipika, nilimwona akichota kama gramu 20, akiongeza maji, na kugawa uji huo kwa watoto watatu, kuanzia wa miezi tisa hadi wa miaka sita. Hakuwa amekosa elimu. Alikuwa na pakiti moja, wiki nzima mbele yake na watoto watatu wanaotazama. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Tangu siku hiyo nimekuwa na mashaka na ripoti yoyote inayohesabu pakiti zilizogawiwa na kuziita watoto waliofikiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unakubali kwamba vyakula vilivyoongezewa virutubishi vinaweza kusaidia katika mazingira fulani, ila unasisitiza visitolewe peke yake bila ushauri na lishe pana zaidi, na mimi ningeongeza: wala bila kuwahesabu ndugu zake.

Na kuna lebo. Mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliupokea mwongozo dhidi ya kutangaza isivyofaa vyakula vya watoto wachanga na wadogo, nasi tuliandika wazi kwamba unga usitolewe kabla ya miezi sita na kwamba kunyonyesha kuendelee. Mwenzangu wa mauzo alitaka tuandike miezi minne. Hatukusemeshana kwa siku tatu.

Nimalizie na bechi ambayo ilikuwa yangu. Mama mmoja alikuja getini akiwa na pakiti iliyofunguliwa mkononi na mtoto mgongoni. Nilipoitwa aliniambia, kwa upole kabisa, "Dada, unga wa safari hii una harufu ya maharage mabichi, na mtoto tumbo linamjaa." Nikaandika namba ya bechi, nikafungua daftari. Vipimo vya chuma vya siku ile vilikuwa vizuri. Nilikumbuka hata nilivyofurahi. Kipimo cha soya hakikuwepo. Dawa yake ilikuwa imetuishia wiki mbili kabla, mzigo ulikuwa unasubiriwa, nami nilikuwa nimetia saini bila hiyo, nikijiambia kwamba kikaango ni kilekile na watu ni walewale. Dawa ilikuwa imeshafika tangu juzi yake, bado imo ndani ya boksi.

Nikaenda kwenye kabati la sampuli za akiba, ambako tulihifadhi kiasi kidogo cha soya ya kila bechi, nikaitandaza kwenye sahani nyeupe na kuilowesha kwa maji ya yurea yenye kiashiria rangi. Maji hayo ni ya njano. Soya iliyoiva hubaki katika unjano huo, au ikatoa doa moja moja. Kabla dakika tano hazijaisha sahani yote ilikuwa imejaa vitone vyekundu, vimetawanyika sawasawa kama nilivyozoea kuomba asubuhi. Baadaye tuligundua kwamba mtungi wa gesi uliisha katikati ya kukaanga, ukabadilishwa, na kijana wa zamu akaendelea kuhesabu dakika bila kuzitoa zile ambazo moto ulikuwa umezimika. Pakiti 1,200 zilikuwa zimeshatoka. Tulizunguka siku nne na kurudisha 310. Nyingine zilikuwa zimeliwa.

Yule mama alikuwa angali amekaa kwenye benchi la getini akisubiri. Nilimletea pakiti ya bechi nyingine niliyoipima upya mwenyewe, lakini hakuipokea mara moja. Alitaka kwanza kuona kilichokuwa kibaya. Nikampeleka chumbani nikamwonyesha sahani. Aliinama akaitazama kwa muda, mtoto naye akichungulia juu ya bega lake.

"Kumbe nyekundu ni mbaya," akasema.

Nikamwambia inategemea na sahani. Akanitazama kama mtu aliyejibiwa nusu, akaomba apewe pakiti mbili badala ya moja kwa usumbufu wa kuja, nami nikampa.